Jinsi Mhehe Alivyoupiga Picha Moyo wa Mngoni

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwetu Msamala, Songea, anaanza na "Enhe, ilikuwaje huko?" na kabla sijafika hata Njombe anaaga, kumbe ameacha maharage jikoni. Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka. Kuna aliyesikia ya Madaba tu, kuna aliyesikia ya mashine tu, na mama mmoja wa jumuiya yetu anaamini kabisa kwamba nimepasuliwa moyo. Basi nimekaa nikaandika yote. Atakayeuliza tena nitampa asome, na asiporudisha karatasi zangu nitamfuata kwake.

Kwa walio mbali nianze na ugonjwa, maana wengine mmeusikia kwa kunong'onezwa. Mimi Otilia, niliyekuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka nikastaafu, nilikutwa na saratani ya titi. Nilifanyiwa upasuaji, kisha nikaanza zile dripu zinazonyonyoa nywele. Katikati ya dripu wakanipiga picha ya kifua kwa mashine ya CT, waone kama ugonjwa umehamia kwenye mapafu. Haukuwa umehamia. Nikashukuru, nikainuka nikidhani tumemaliza. Daktari akasema, "Mama, kaa kwanza."

Picha ile iliyokwenda kutafuta saratani ilikuwa imekuta kitu kingine: madoa meupe kama chokaa kwenye mishipa inayoulisha moyo. Na siku zile nilikuwa nahema ovyo, hata kutoka chumbani kwenda uani nilikuwa nasimama njiani nijifanye natazama kuku. Daktari hakuzunguka. Aliniambia dawa inayoipiga saratani yangu na moyo nao huuonea. Kama mishipa ile imeziba, hataweza kunipa tena dripu zile, na hakuwa na nyingine nzuri ya kuziba nafasi yake. Kwa hiyo niende Dar es Salaam nikapigwe CT ya moyo wenyewe. Moyo ukiwa mzima, narudi kwenye dripu. Ukiwa mbovu, dripu basi, na saratani ibaki na nafasi yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nikipanda basi.

Msamala hadi Madaba

Nilisafiri na wifi yangu Gaudensia, dada wa marehemu mume wangu. Mnamjua Gaude: mtu wa rozari, maneno machache, na akikasirika anafua nguo. Tangu niugue hajawahi kulitamka jina la ugonjwa wangu. Anasema "yale mambo yako." Na neno kufa amelipiga marufuku nyumbani kabisa. Nikisema nakufa njaa ananitazama kama nimetukana kanisani.

Kiti cha mbele yetu alikaa Mzee Saidi, mkulima wa korosho kutoka Namasakata kule Tunduru. Alikuwa Songea kwa mwanawe na sasa anakwenda Makambako kwa binti yake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akageuka mzima mzima, mikono juu ya kiti.

"Na nyie mabinti zangu mnaelekea wapi?"

Kabla sijafungua mdomo Gaude akajibu, "Harusini."

Nikamtazama. Akanifinya paja.

"Mashallah. Harusi ya nani?"

"Ya mtoto wa ndugu yetu. Dar."

Jamani, Gaude huyu ambaye hawezi kusema uongo hata kuhusu umri wake. Lakini akishaanza jambo hulifanya vizuri. Tulipofika Gumbiro bibi harusi alikuwa na jina na kazi ya uuguzi, na bwana harusi alikuwa fundi umeme aliyelelewa na masista. Mimi nilisikiliza tu, maana na mimi nilianza kutaka kujua itakuwaje.

Basi lilipofika Madaba likapiga kelele, likatoa moshi, likasimama. Mkanda wa feni umekatika. Dereva akasema mwingine utatoka Njombe, tuwe wavumilivu. Pale Madaba ukungu ulikuwa bado umelala chini na baridi ilikuwa ya kweli, kwa hiyo basi zima likashuka na kumwangukia mama ntilie mmoja mwenye banda la mabati kando ya barabara. Alikuwa peke yake. Sufuria moja ya ugali, moja ya maharage, na watu wote wale wanapiga meza.

Nikamwona anausonga ule ugali kwa woga. Mimi nimewasongea vijana wa bweni miaka mingi, siwezi kutazama ugali unateswa. Nikaingia jikoni nikamwambia, "Mwanangu, nipishe kidogo." Gaude akaita, "Wifi." Sikugeuka. Nikashika mwiko, nikaugeuza ugali mara moja, nikaugeuza tena, na ulikuwa umeanza kunitii kabisa.

Halafu pumzi ikakata. Moyo ukaanza kugonga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango, macho yakaingia giza, na mwiko ukabaki umesimama peke yake kwenye sufuria. Gaude alinikamata kwapani akanikalisha juu ya ndoo iliyofunikwa. Alinipepea kwa kanga yake huku midomo inacheza, ninajua ilikuwa Salamu Maria. Nilipopata sauti nilimwambia mama ntilie aongeze unga upande wa kushoto. Akaongeza. Tukala. Upande niliousonga mimi haukuwa na madonge, na nalisema hilo kwa sababu Gaude anapenda kulikana.

Lakini niliogopa. Pale kwenye ndoo niliogopa vibaya sana, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Madaba hadi Makambako

Mkanda ulikuja kwa pikipiki, ukafungwa, tukaondoka. Mzee Saidi alikuwa amechangamka kwa ugali. Alituhadithia ngiruwe, wale nguruwe wa porini, waliomvamia shambani na jinsi mkwewe alivyowakimbia wale ngiruwe akapanda mkorosho mchanga, mkorosho ukavunjika naye juu yake. Tulicheka mpaka abiria wa nyuma wakataka arudie. Akarudia, na safari hii ngiruwe waliongezeka.

Kabla ya Njombe akavuta mfuko kutoka chini ya kiti. Korosho, zile nzima nzima nyeupe, zimefungwa vizuri. "Mpeni bibi harusi. Mwambieni zimetoka kwa babu yake wa Namasakata, na mimi namwombea dua azae mapacha."

Gaude alinyoosha mkono kuzipokea. Nikaona hapana. Kula mali ya mzee wa watu kwa jina la bibi harusi ambaye hajazaliwa, hilo lilinishinda.

"Mzee wangu, utusamehe. Hakuna harusi. Mimi nina saratani, nakwenda Dar kupimwa moyo."

Gaude akageukia dirishani, akaanza kutazama miti ya mbao ya watu wa Njombe kama anataka kuinunua.

Mzee Saidi aliuweka mfuko mapajani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Umefanya vema kunena, mwanangu. Korosho chukua, ni zako. Mwenyezi Mungu atajalia."

Nikazipokea kwa mikono miwili. Lakini sikilizeni kilichofuata. Mzee yule mcheshi alizimika. Hakukuwa tena na ngiruwe wala mkwe. Aligeuka mbele, akikohoa alikohoa taratibu, na akitaka kuniuliza kitu alishusha sauti kama tuko mlangoni kwa mfiwa. Alimwomba abiria wa kando yangu ahame ili nijinyooshe. Nilijinyoosha, kwa adabu tu, nikatamani nimrudishe kwenye harusi.

Na ndivyo mlivyokuwa nyote, msikasirike. Tangu nywele zidondoke hakuna aliyenitania hapa mtaani. Mnakuja na mayai na maparachichi, mnakaa ukingoni mwa kiti, mnasema "utapona tu," halafu mnatazama mlango. Nawashukuru kwa maparachichi.

Pale Makambako Mzee Saidi alishuka, akanishika mkono muda mrefu na kunitakia heri. Nilimpenda mzee yule.

Makambako hadi Dar es Salaam

Hapa njia ni ndefu na mimi nitaifupisha, maana sehemu kubwa nililala. Tuliposimama kula, Gaude alinichukulia kuku wa kukaanga halafu akaanza kumfuta chumvi kwa karatasi, kipande kwa kipande, mbele ya watu. Nikamwambia huyo kuku sasa ameoga mara nyingi kuliko mimi. Akaendelea kufuta.

Kitonga tulishuka nyuma ya lori la mbao lililokuwa linatembea kama linafikiria kwanza. Gaude alimaliza rozari nzima mlimani mule na kuanza nyingine. Ruaha Mbuyuni abiria mmoja alinunua gunia la vitunguu na kuling'ang'aniza ndani, kwa hiyo kuanzia hapo tulilia wote, wenye shida na wasio na shida. Mikumi twiga walikuwa kando ya barabara na basi zima likahamia upande mmoja, isipokuwa Gaude, aliyesema twiga alishamwona kwenye pesa za zamani au mahali pengine, hakumbuki.

Tulifika Dar joto limetukalia kifuani. Mwanangu Beno alitupokea stendi akatupeleka kwake Kimara.

Kimara, siku ya kungojea

Nilikuwa nimekatazwa kahawa, chai ya majani na soda tangu siku moja kabla ya kipimo, kwa sababu vinaukimbiza moyo, na mashine inautaka moyo uliotulia. Ukikimbia, picha inatoka na ukungu, hawaoni mishipa.

Mimi nilijua hilo, Gaude alijua. Anjela, mke wa Beno, hakujua, kwa sababu Gaude aliwapigia simu akasema "mama yenu anakuja kutembea." Basi asubuhi Anjela akaleta birika. Mtoto wa watu alikuwa ametunza kahawa ya Mbinga miezi kadhaa akimngojea mama mkwe, akaitwanga mwenyewe, akaichemsha na tangawizi. Harufu ilinifuata mpaka kitandani. Nikasema, "Asante mwanangu, sinywi."

Akaleta chai ya rangi. Sinywi. Akamtuma mtu soda. Sinywi.

Akaenda jikoni na sikumwona tena mpaka Beno akaja uso umekunjamana. "Mama, umemkosea nini Anjela? Analia. Anasema huwezi kuweka kitu chake mdomoni."

Hapo nikamtazama Gaude, na Gaude akaanza kukusanya nguo za kufua.

Nikawaita wote sebuleni nikawaeleza: titi, chokaa, mashine, kahawa. Anjela akacheka huku anapangusa machozi, na mchana nilikula wali wake wa nazi sahani tatu kumwonyesha kwamba mdomo wangu hauna ugomvi naye. Ila ndiyo hivyo, baada ya maelezo na wao wakawa kama Mzee Saidi. Nikaletewa mto wa mgongoni, mto wa miguuni, televisheni ikapunguzwa sauti. Beno akawa anakuja kuchungulia kama bado napumua. Mimi mama yake niliyemtandika fimbo, leo ananinyatia.

Chumba cha mashine

Hospitali tulifika mapema. Daktari aliyenipokea alikuwa binti wa Kipemba, Daktari Zuhura, mpole, kila sentensi ina "tafadhali." Akanipa kidonge cha kuupunguzia moyo mbio, tukasubiri kwenye benchi. Wakanipima, moyo bado unakimbia. Wakaniongezea nusu kidonge, tukasubiri tena. Unakimbia. Daktari Zuhura akasema tujaribu mezani, labda nikilala utatulia, lakini ukigoma itabidi nirudishwe nyumbani nipangiwe siku nyingine. Nikauliza siku nyingine ni lini. Akasema foleni ni ndefu, tafadhali nisiwaze hilo sasa. Mwambie mtu asiwaze uone atawaza nini.

Gaude alibaki mlangoni na mikoba yetu. Mimi nikaingia, nikavalishwa gauni la hospitali, nikalazwa kwenye meza nyembamba mbele ya ile mashine. Inafanana na andazi kubwa lenye tundu katikati, nawe ndiye unayepitishwa tunduni. Wakanibandika nyaya kifuani, sindano wakaiweka mkono wa upande ambao haukupasuliwa, na juu yangu kukawa na kioo kidogo chenye namba ya mapigo ya moyo.

Mtaalamu wa mashine alikuwa baba mnene wa makamo. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitika. Kisha akasoma jina kwenye karatasi.

"Otilia Ngonyani. Kutoka Songea." Akaishusha karatasi. "Mngoni?"

"Mngoni."

"Basi hiyo shikamoo naichukua, naomba nirudishiwe."

Nikageuza shingo kusoma kitambulisho chake. Kihwele. Mhehe huyo, wa Iringa kabisa.

Kwa wajukuu zetu waliozaliwa mjini: babu zetu na babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na vilipokwisha vikaacha utani. Mtani anaruhusiwa kukusema lolote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Ukinyamaza ndiyo umeshindwa zaidi. Mgonjwa au mzima, hakuna likizo.

"Angalieni milango," Kihwele akamwambia nesi. "Hawa wametoka kwao kusini huko wakikimbia, wanaokota kila wanachokiona njiani. Hii mashine ni ya serikali."

"Tulikuwa tunawakimbiza ninyi," nikasema. "Mkapanda mlima Kitonga, na woga wa kushuka mnao mpaka leo. Na hebu niambie, hapa hospitali mna mbwa wa ulinzi? Yuko salama?"

"Mbwa yupo, mnono. Tunamngoja Krismasi."

Jamani, sijui niwaeleze vipi. Ni miezi mingapi hakuna aliyenisema vibaya. Nilicheka mpaka nyaya zikachomoka. Namba kwenye kioo ikapanda, mashine ikaanza kulia pii, pii, na nesi akakimbilia kwangu.

Kihwele akainua mikono. "Haya, tunasimamisha vita. Mama, tulia sasa. Moyo wako unacheza ngoma yenu ya lizombe humo ndani, siwezi kuupiga picha."

Kukawa kimya. Nikatulia, nikatazama dari, nikafanya yote niliyoambiwa: vuta pumzi taratibu, toa taratibu. Namba ikashuka kidogo ikagoma. Katika kile kimya nilikuwa nausikia moyo wangu wenyewe, ule ule wa pale kwenye ndoo Madaba. Kila ukigonga nikawa nafikiri, huu ndio unaokwenda kuzuia dawa yangu. Na namba ikaanza tena kupanda. Kihwele akaitazama saa ya ukutani. Nikajua nusu saa nyingine ya hivi na narudishwa nyumbani.

Sijui kilichonifungua mdomo. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mtani, na kwa mtani hakuna neno zito.

"Mtani," nikamwambia, "na nikifa?"

Hakutazama mlango. Hakusema utapona tu. Alivuta kiti akakaa karibu na kichwa changu.

"Ukifa? Mimi ndiye nitakayekuja Songea. Kaburi likishachimbwa naingia mimi kwanza, nalala humo chali. Hamzikani. Wewe unangoja juu kwenye sanduku, mimi nipo chini nasema kuna baridi nzuri humu, nimepapenda. Sitoki mpaka huyo wifi yako mlangoni aniletee jogoo. Na si jogoo wa kukonda. Nataka yule mwenye upanga mwekundu anayesumbua mtaa mzima."

Nikaiona yote. Niliwaona ninyi mmevaa kanga zenu, padri amesimama na kitabu, na tumbo la Mhehe huyu limejaa kaburi langu zima. Na Gaude, ambaye jogoo wa namna hiyo anaye kweli na ndiye kipenzi chake, anazunguka uwanjani kumkimbiza, anajifanya hawezi kumkamata.

Nikacheka bila sauti, kisha nikalia. Nililia kwelikweli, machozi yakaingia masikioni kwa vile nimelala chali. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia nimeogopa tangu siku ya kwanza, na nyumbani siwezi kusema kwa sababu nikisema watu wanakufa wao kabla yangu. Akasema, "Sema tu mtani, mimi Mhehe, sina huruma ya kukusumbua."

Hapo ndipo Daktari Zuhura alipoingia. Alinikuta nalia na akamkuta Kihwele anamalizia kwamba kichwa cha jogoo atamwachia padri baada ya maziko.

"Kihwele," akasema, na "tafadhali" yake haikuwapo. "Mgonjwa amelala kwenye mashine na wewe unamweleza maziko yake? Toka nje. Nitalipeleka hili kwa mkuu wako."

"Usimtoe," nikasema. "Huyu ni mtani wangu."

"Mama, huna haja ya kumtetea."

"Binti yangu, nisikilize. Huyu ana haki ya kunizika vibaya. Ni haki yake tangu enzi za babu."

Maskini daktari alitazama huku na huku. Kwao labda wana utani wao, lakini wa kulala makaburini hakuwahi kuusikia. Ndipo nesi akasema kwa sauti ndogo, "Daktari, tazama mapigo."

Namba ilikuwa imeshuka. Nililia nikamaliza, na mwili ulikuwa mzito na mtulivu kama mtu aliyetoka kulima. Daktari Zuhura akaitazama, akangoja aone kama itapanda, haikupanda. Akavuta pumzi.

"Sielewi mnachofanya humu," akasema, "lakini tafadhali msiache."

Wakatoka wote wakaenda nyuma ya dirisha la kioo. Dawa ya kuonyesha mishipa ikaingia kwa sindano, ikanipita moto mwili mzima mpaka nikadhani nimejikojolea, na kama hamjaambiwa na mtu, mjue ni kawaida, hujajikojolea. Meza ikateleza ndani ya andazi. Sauti ya Kihwele ikatoka kwenye spika: "Vuta pumzi. Shikilia. Usiibe kitu humo." Nikashikilia. Sikucheka, na mniheshimu kwa hilo.

Majibu

Tuliitwa kesho yake, mimi na Gaude. Daktari Zuhura alikaa na daktari wa moyo, mzee mwenye miwani, wakanigeuzia kompyuta. Moyo wangu ulikuwa pale, wa rangi ya matofali, na mishipa yake imeuzunguka kama mizizi. Nikauona ni mdogo kuliko nilivyofikiri kwa kelele ulizokuwa unapiga.

Mzee wa miwani akaonyesha kwa kalamu. Chokaa ipo, hapa na hapa. Lakini njia ya damu iko wazi, haijabanwa kiasi cha kutisha, na moyo unasukuma vizuri. Kuhema kwangu kwingi kulitokana na upungufu wa damu, na hilo lina dawa. Nitameza vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu, nitapimwa moyo mara kwa mara, na dripu zinaendelea.

Nikamwuliza, "Zikiendelea, nitapona?"

Akavua miwani. "Hilo silijui, mama. Ninachojua ni kwamba moyo wako una nguvu za kutufikisha huko tukaone. Na shukuru ile picha ya saratani. Bila hiyo, hii chokaa tungeijua siku mbaya."

Nilimpenda kwa kusema silijui. Gaude alikuwa anafunga na kufungua mkoba wake. Tulipotoka nje alikaa kwenye ukingo wa maua akasema anataka kula, na tukala chipsi mayai mbili kila mmoja, zenye chumvi yake. Yeye ndiye aliyeongeza.

Kurudi

Dripu nimeshaanza tena, wengi mmeniona na kitambaa kipya kichwani. Nimebakiza chache. Kwa hiyo mwisho wa kipimo mnaujua, na safari ya kurudi haikuwa na mkanda wa feni wala vitunguu. Ni jambo moja tu ambalo sijamsimulia mtu.

Gaude alikaa kimya tangu Dar mpaka Morogoro, hilo la kawaida. Kitonga akasali. Tulipoipita Njombe, bila kugeuza uso kutoka dirishani, akaniuliza, "Wifi, mle ndani ulikuwa unacheka nini na yule Mhehe? Nilisikia mlangoni. Halafu ukalia."

Nikamweleza. Sikuficha. Nilimwambia nilimwuliza mtani itakuwaje nikifa, na yeye akasema atalala kaburini mpaka Gaude atoe jogoo. Nililitamka lile neno lake la marufuku waziwazi, nikangoja anikate jicho.

Hakunikata. Nikaona bega lake linatetemeka na sikujua anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Nilimshika mkono. Alikuwa anaogopa muda wote ule kama mimi, kwenye kiti kimoja na mimi, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tulipoanza kuziona taa za Songea ndipo akajipangusa na ncha ya kanga, akanigeukia, akanitazama machoni.

"Kufa usife," akasema. "Jogoo wangu simtoi."